Bega la nyuma halitaki chuma kizito

SWALI: Dokta, mimi ni mwendesha taxi-moto hapa Butembo. Jioni tunafanya vyuma na wenzangu kwenye parsele. Vyuma vyetu ni vipande vya bomba vyenye kopo la simenti kila upande. Nikiinama na kuviinua pembeni ili nijenge bega la nyuma, shingo ndiyo inauma. Ninakosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, ninashuku uzito. Msuli wa nyuma ya bega ni mdogo, na kazi yake ni kuvuta mkono uende nyuma. Ukiupa chuma kinachoushinda, misuli mikubwa ya shingo inaipokea kazi hiyo: mabega yanapanda hadi masikioni, na kesho yake shingo haigeuki. Weka makopo kando. Jaza maji chupa mbili za lita 1.5, kila moja itakuwa na kilo 1.5 hivi, na kwa kuanzia inatosha kabisa. Wenzako watacheka. Waache wacheke.

Tanua miguu kwa upana wa nyonga, magoti yalegee kidogo. Inama kuanzia nyonga, si kiuno: makalio yaende nyuma, mgongo ubaki umenyooka, macho yatazame chini. Chupa zining'inie chini ya kifua, viganja vikitazamana, viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo. Ukitoa pumzi, fungua mikono pembeni hadi viwiko vilingane na mabega. Usipite hapo. Kisha shusha ukihesabu hadi tatu. Hapo ndipo vijana wengi wanapoiba, wanaachia tu. Ukiona unatikisa mgongo ili kuzirusha chupa, umechoka, pumzika. Mara 12 hadi 15, seti 3, siku 2 kwa wiki. Kiuno kikichoka kabla ya bega, lala kifudifudi kwenye benchi ufanye vilevile.

Zoezi hili mnalihitaji kweli: kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita zipatazo 54, na njia nzima mikono yenu iko mbele. Wasukuma chukudu nao ni hivyo hivyo. Halafu jioni mnapiga pompi tu, kwa sababu kifua ndicho kinachoonekana kwenye kioo! Nyuma ya bega inabaki dhaifu.

Ukisikia ganzi mkononi, au maumivu yakikuamsha usiku, acha vyuma uende hospitali kuu ya Katwa, au ya Beni ukiwa huko. Na kama mkono umewahi kuchomoka begani kwa ajali ya pikipiki, usianze zoezi hili kabla daktari hajalipima bega hilo.