Hadhira Tuli na Mchezo Usio na Jukwaa: Mfano wa Filamu ya Darkon

Katika fasihi simulizi, hadhira tendi hushiriki katika uwasilishaji ilhali hadhira tuli hutazama tu. Tofauti hii hufafanua hukumu wanayopewa wachezaji katika Darkon (2006), filamu ya hali halisi iliyoongozwa na Luke Meyer na Andrew Neel. Wahusika wake ni watu wazima wa eneo la Baltimore, Marekani, ambao huvaa maleba ya kivita, hujipa majina ya kubuni na kupigania nchi isiyokuwepo kwa silaha za sponji.

Mtazamaji wa nje huweza kuwaona kuwa waigizaji duni au watu walioyakimbia maisha. Hukumu hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, mchezo huo hauna jukwaa: kila aliyepo ni fanani na hadhira kwa wakati mmoja. Kamera ndiyo inayoleta hadhira tuli. Pili, filamu huweka vita hivyo sambamba na maisha ya nyumbani na kazini, na ulinganishi huo ni wa watengenezaji wa filamu, si wa wachezaji.

Hata miviga, ikitazamwa na mgeni asiyejua kaida zake, huweza kuonekana kichekesho. Kwa hivyo, kabla ya kuhukumu, mhakiki hana budi kuuliza: mchezo huu ulikusudiwa nani?