Msuguano na Usalama wa Vyombo vya Moto Wakati wa Mvua

Kila unapowadia msimu wa masika, gari huteleza na kuacha njia mahali ambapo siku za jua zilikuwa zikipita kwa salama. Aghalabu lawama humwendea dereva au barabara. Nguvu iliyokosekana hapo inaitwa msuguano, na kanuni zake ni chache, wala si ngumu kufahamika.

Msuguano ni nguvu inayopinga mwendo baina ya nyuso za vitu vigumu vinavyogusana. Mwaka 1699 mtaalamu wa Kifaransa, Guillaume Amontons, aliwasilisha kanuni mbili mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris. Ya kwanza ni kwamba msuguano huongezeka sawasawa na nguvu inayozikandamiza nyuso hizo: mzigo ukizidi maradufu, msuguano nao huzidi maradufu. Ya pili huwashangaza wengi, kwani ukubwa wa eneo linalogusana haubadilishi kitu. Sanduku la vitabu likilazwa kwa ubavu mpana au mwembamba, huhitaji nguvu ile ile kulisukuma juu ya sakafu ile ile. Sababu yake ilifafanuliwa vyema katika karne ya 20. Uso unaoonekana laini una vilima vidogo mno, na nyuso mbili hugusana kwa ncha za vilima hivyo tu. Uzito ukizidi, ncha hubonyea na mguso wa kweli hukua. Eneo likipanuliwa bila ya uzito kuzidi, mguso huo wa kweli hubaki ule ule.

Kanuni ya tatu anaijua kila aliyewahi kuhamisha kabati la majalada ofisini: kuling'oa lilipokaa ni kazi kubwa kuliko kuliendeleza likishaanza kwenda. Msuguano wa kitu kilichotulia hupita ule wa kitu kinachoteleza.

Hapa ndipo penye siri ya breki. Gurudumu linapozunguka bila ya kuteleza, sehemu yake inayogusa lami huwa imetulia kwa nukta hiyo. Breki ikikanyagwa kwa ghafla hata gurudumu likaganda, tairi huanza kuburura, msuguano hupungua na gari haiutii tena usukani. Ndiyo maana madereva wa gari za zamani hufundishwa kukanyaga na kuachia. Baadhi ya gari za kisasa hufanya kazi hiyo zenyewe, na dereva wake hapaswi kuachia.

Mvua hubadilisha hesabu yote. Kwenye lami kavu, msuguano wa tairi huweza kufikia kiasi cha sehemu 7 katika 10 za uzito wa gari. Kwenye lami iliyorowa huweza kushuka hadi sehemu 4. Gari iendayo kilomita 60 kwa saa itahitaji mita 20 hivi kusimama pakiwa pakavu, na mita 35 pakiwa na maji. Ikienda kilomita 30, mita 9 zinatosha, kwa sababu mwendo ukiongezwa mara mbili, masafa ya kusimama huongezeka mara nne. Matone ya mwanzo yana hatari yake, kwani huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagika barabarani.

Wapo madereva wanaodai kwamba tairi yenye kipara hushika barabara vizuri zaidi. Kwenye lami kavu dai hilo lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana linaendelea kuaminiwa. Lakini mifereji ya tairi imewekwa kwa ajili ya maji. Kazi yake ni kuyapisha ili mpira uifikie lami. Mifereji ikilika, maji hukosa pa kupita. Gari ikiwa kasi, tairi huelea juu yake, na nyuso mbili ngumu hazigusani tena. Nchi nyingi zimeweka milimita 1.6 kuwa kina cha chini kabisa cha mifereji hiyo.

Masafa yaliyotajwa yanahesabiwa tangu breki iliposhika. Dereva anayechukua sekunde moja kuona na kukanyaga, kwa kilomita 60 huwa ameshapita mita 17 nyengine. Kwa hiyo mtoto anayekatiza njia wakati wa mvua anahitaji mita 52 baina yake na gari hiyo.