Polisi akishtakiwa kwa mauaji, sisi vijana tunasema nini?

Leo fungua Danieli sura ya 13, habari ya Susana. (Rafiki yako wa kanisa jingine akikosa sura hiyo usimcheke, Biblia yake inaishia sura ya 12.)

Somo hili limetokana na mkutano wetu wa vijana parokiani. Tulianza na amri ya tano, mara tukajikuta tunaongelea polisi wanaoshtakiwa kwa kuua raia kwa risasi. Mmoja akasema, "Wanyongwe tu, kesi ya nini?" Mwingine akajibu polisi wasiguswe, wakifungwa nani atatulinda na majambazi? Makofi kila upande. Nyuma alikaa dada mmoja ambaye baba yake ni askari. Hakusema neno hadi tunafunga kwa sala, na Jumamosi iliyofuata kwaya hakuja.

Wengi wenu mlikuwa wadogo, kwa hiyo niwakumbushe kesi ya Zombe. Januari 14, 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge pamoja na dereva wa teksi walikamatwa na polisi Sinza, Dar es Salaam, wakauawa kwa risasi. Polisi wakatangaza kwamba ni majambazi waliokufa katika mapambano. Ndugu zao hawakukubali. Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Kipenka, ikaonekana watu wale hawakuwa majambazi, na kwamba waliuliwa katika msitu wa Pande. Ndipo Abdallah Zombe, mkuu wa upelelezi wa mkoa, na askari wenzake wakashtakiwa kwa mauaji.

Hebu jiulize: redio ikitangaza majambazi wanne wameuawa, wewe unasema nini? Mimi kwa kweli nasema afadhali, naendelea kunywa chai. Ndivyo lilivyofanya lile kusanyiko. Liliwaamini wazee wawili kwa sababu ni wazee, tena waamuzi, likamhukumu Susana kufa bila swali hata moja. Danieli, kijana tu, hakushindana na umati kwa kelele. Alidai warudi mahakamani. Akawatenganisha wale wazee, akamuuliza kila mmoja: uliwaona chini ya mti gani? Kila mtu akataja mti wake. Basi, uongo ukajulikana.

Sasa rudi Dar. Agosti 2009 Mahakama Kuu iliwaachia washtakiwa wote. Mtaani swali likawa moja: kama hawa hawakuua, nani aliua? Ni swali halali kabisa. Damu ya Abeli ililia kutoka ardhini (Mwanzo 4:10), na Katekisimu namba 1867 inaitaja kati ya dhambi zinazolilia mbinguni. Ila namba 2477 inatukataza kumwona jirani ana kosa bila msingi wa kutosha. Kuuliza nani aliua ni haki ya wafiwa, na yetu pia. Kumwita muuaji mtu ambaye mahakama imemwachia ni jambo lingine, hata kama humpendi.

Septemba 2016, zaidi ya miaka kumi baada ya mauaji, Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mmoja wao, Christopher Bageni, ikamhukumu kunyongwa. Zombe akaachiwa tena. Kuna atakayeniambia, "Mbona wale wazee wa Susana waliuawa?" Ndiyo, kwa sheria ya Musa. Lakini mwaka 2018 Papa Fransisko alibadilisha namba 2267: adhabu ya kifo haikubaliki, kwa sababu hata mkosaji hapotezi hadhi yake ya mtu. Sikufichi, ukiwafikiria watoto wa yule dereva wa teksi, namba hiyo ni ngumu kumeza. Mimi bado naitafuna.

Juzi nilikwenda kumwona yule dada. Baba yake ndiye aliyenifungulia, kavaa kaptula na ndala, akanikaribisha chai. Nikamweleza tulichokuwa tunajadili. Akasema, "Mwanangu, askari akiua mtu asiye na kosa ashtakiwe. Mimi mwenyewe nitakwenda kutoa ushahidi. Ila msinihukumu mimi kwa sababu ya nguo."

Jumamosi hii tunaisoma Danieli 13 yote, saa kumi jioni. Nimemwomba aje azungumze nasi, na amekubali. Dada naye amesema atakuja.