Je, Atajwaye Sana Ndiye Mkweli?

Wazee wetu walisema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Leo napenda tuipime methali hiyo kwa kazi za wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya akili na tabia za binadamu.

Mtaalamu akimaliza uchunguzi wake, huandika makala katika jarida la elimu. Mwingine akija kuandika juu ya jambo lile lile, humtaja yule wa kwanza, ili msomaji ajue habari imetoka wapi. Kila kutajwa huhesabiwa. Vyuo vingi huitazama hesabu hiyo vinapotaka kumpandisha mtu cheo.

Hesabu yenyewe ina namna nyingi. Mwaka 2005 Jorge Hirsch, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, alitoa kipimo kiitwacho h. Tuseme mtu ana makala 6, nazo zimetajwa mara 20, 9, 5, 4, 2 na 0. Teremka ukizihesabu. Makala ya 4 imetajwa mara 4, basi yatosha. Ya 5 imetajwa mara 2 tu, haitoshi. Kwa hiyo h yake ni 4. Mwingine ana makala moja tu, iliyotajwa mara 40. Jumla zao ni sawa, lakini h ya huyu wa pili ni 1. Ndiyo kusema kipimo hiki hakimpi sifa kubwa mtu aliyebahatika mara moja.

Sasa na tumtazame mtu mmoja. Hans Eysenck alizaliwa Berlin mwaka 1916. Hitler aliposhika utawala, kijana huyu aliihama Ujerumani, akafanya kazi London, na huko akafariki mwaka 1997. Aliandika vitabu zaidi ya 70 na makala mamia kwa mamia. Mwaka 2002 Steven Haggbloom na wenzake wa Marekani walichapisha uchunguzi juu ya wanasaikolojia mashuhuri wa karne ya 20. Katika hesabu ya waliotajwa zaidi majaridani, wa kwanza alikuwa Freud, wa pili Piaget, na wa tatu huyo Eysenck.

Je, sifa hizo zatosha? Eysenck na mwenzake Ronald Grossarth-Maticek waliandika kwamba tabia ya mtu ina nguvu kubwa kuliko sigara katika kuleta saratani. Tena Eysenck alikuwa amepokea fedha za makampuni ya tumbaku. Mwaka 1992 madaktari Anthony Pelosi na Louis Appleby walizitilia shaka habari hizo kwa maandishi. Hata hivyo, ilikuwa mwaka 2019, miaka 22 baada ya Eysenck kufa, ndipo King's College London ilipotangaza kwamba makala 26 za watu hao wawili si za kutegemewa. Mwaka uliofuata majarida yalianza kuzifuta baadhi yake.

Angalieni jambo hili: Pelosi alipompinga Eysenck, ilimlazimu kumtaja. Basi hata huko kupingwa kulimwongezea Eysenck hesabu! Kipimo hakijui kusifiwa wala kulaumiwa. Kinajua kutajwa tu. Na mvutaji sigara aliyeyaamini maneno yale, hesabu ile haikumsaidia kitu.

Tusiwacheke wakubwa hao. Muhula uliopita, katika bweni letu, daftari moja liliandikwa kwamba ukinzani ni mkondo kugawanywa kwa volteji. Tulilinakili watu 11, nami nikiwa mmoja wao, kwa kuwa mwenyewe ni hodari na kila mtu alikuwa akilinakili. Katika jaribio tulikosa sote 11 swali lile lile. Kitabu cha fizikia kilikuwa kabatini wakati wote, na hakuna aliyekifungua.

Basi, wenzangu, hesabu ya kutajwa ina faida yake: hutuonyesha ni nani anayesomwa. Haituonyeshi ni nani aliyesema kweli. Ukiambiwa kwamba jambo fulani limesemwa na mtu mashuhuri, uliza: Alilijuaje? Nani amelirudia jaribio lake akapata jibu lile lile? Nani alimlipa? Lisemwalo huenda lipo, lakini kwanza tukalitazame.