Ukiwa Konje, Simu ya Kazi Uipokee?

Jumamosi ufukweni Rumonge utawaona wageni waliotoka Bujumbura, mwendo wa kilomita 75 hivi kwa barabara ya RN3. Sahani ya mukeke wa kuchoma iko mezani, miguu iko mchangani, simu iko sikioni. Anayesema "nipe dakika mbili" mara tatu mfululizo yuko kazini huyo, hata kama amevaa kaptura. Na kijana anayempelekea soda naye akipata konje yake, yaani likizo, atapigiwa vilevile aulizwe ufunguo wa stoo ameuacha wapi. Haya hapa ni maswali ambayo wafanyakazi na mapatroni wa pwani hii ya Ziwa Tanganyika, kutoka Magara hadi Nyanza-Lac, huulizana mara kwa mara.

Likizo yenyewe ni ya siku ngapi?

Kwa walioajiriwa katika sekta binafsi, inayotawala ni Sheria ya Kazi ya Burundi Na. 1/11 ya tarehe 24 Novemba 2020. Kima cha chini ni siku moja na theluthi mbili za kazi kwa kila mwezi uliotumika, yaani siku 20 za kazi kwa mwaka, na zinalipwa. Watumishi wa serikali wana sheria yao.

Wapo wanaoona Watanzania wamependelewa kwa sababu wao wana siku 28. Siku hizo za Tanzania ni za mfululizo, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Anayefanya kazi siku tano kwa wiki hapa Burundi akihesabu siku zake 20 pamoja na mapumziko ya mwisho wa wiki, atakuta tofauti na jirani wa Kigoma ni ndogo sana.

Nikipigiwa, nalazimika kupokea?

Hulazimiki, ila kama mliandikiana vingine. Siku ya likizo inalipwa ili mtu apumzike. Kifungu cha 24 cha Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 kinataja mapumziko na likizo yenye malipo kuwa ni haki ya kila mtu, na Katiba ya Burundi inalihesabu tangazo hilo kuwa sehemu yake. Mwajiri akitaka mtu awe tayari kuitwa saa yoyote, hiyo ni zamu ya kusubiri, na zamu ni kazi. Iandikwe katika mkataba, ilipwe, na isikatwe kwenye siku 20.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Ufaransa iliweka katika sheria haki ya kujitenga na mawasiliano ya kazi kuanzia 1 Januari 2017. Mwaka uliofuata mahakama yake ya juu kabisa ikakubali kwamba kampuni ya Rentokil Initial imlipe aliyekuwa meneja wake zaidi ya euro 60,000, kwa kuwa alitakiwa kuacha simu wazi muda wote huku kusubiri huko hakuhesabiwi. Australia ilifuata Agosti 2024. Kwa majirani zetu, Seneta Samson Cherargei wa Kenya alipeleka muswada wa namna hiyo mwaka 2021, wenye faini ya hadi shilingi 500,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja kwa mwajiri msumbufu. Waajiri walipiga kelele. Muda wa Bunge lile ukaisha mwaka 2022 kabla haujawa sheria, naye akaurudisha upya.

Faini peke yake, kwa maoni yangu, isingesaidia sana huku kwetu. Anayejua kwamba nje ya lango la kampuni wamekaa vijana kumi wenye diploma wanaoitamani nafasi yake atapokea simu, sheria iwepo isiwepo. Dawa iko kwenye namna mtu anavyoondoka kazini, na hilo wavuvi wanalifahamu kuliko maofisi.

Wavuvi wana nini cha kutufundisha?

Ndagala na mukeke huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za jua. Samaki hufuata mwanga, wakakusanyika juu ya wavu. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa lote lina mwanga na taa ya mvuvi haina cha kuvuta. Kwa hiyo kila mwezi huwa kuna siku ambazo mitumbwi inalala mwaloni, nyavu zinashonwa, watu wanahudhuria harusi na kujenga nyumba zao. Siku hizo hakuna mwenye chombo anayempigia baharia wake saa nne za usiku. Ampigie amwambie nini?

Kuna na mapumziko marefu zaidi. Nchi nne zinazolizunguka ziwa zilitia saini mkataba wa kulitunza mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyozaliwa nao ina makao yake Bujumbura. Kwa makubaliano yao, upande wa Kigoma uvuvi ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Tajiri na baharia walisimama siku ileile.

Tusizipambe siku hizo, lakini. Baharia halipwi wakati wa mbalamwezi, na miezi mitatu bila ziwa ni miezi mitatu ya kukopa unga dukani. Kupumzika bila mshahara si konje. Ninachokitazama ni kimoja tu: mvuvi hasumbuliwi kwa sababu kazi nayo imelala. Karani wa depo ya mawese akienda likizo, kazi haiendi naye. Malori yanaendelea kuja, wateja wanauliza bei, na mtu pekee anayejua dumu lipi limelipiwa yuko kwa shemeji yake Makamba. Hapo simu itapigwa tu, na mara nyingi anayepiga wala hana roho mbaya, amekwama.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka nifanye nini?

Fanya makabidhiano, na yawe ya maandishi. "Nimemwambia kila kitu" haitoshi, kwa sababu aliyeambiwa alikuwa akimhudumia mteja huku akiitikia. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha. Wa karani wa depo unaweza kusomeka hivi:

"Ufunguo wa bohari: mmoja kwa mlinzi wa mchana, wa pili katika droo ya kaunta. Madumu yenye alama nyekundu yamelipiwa, yasiuzwe. Lori la Jumanne lipakiwe kabla ya saa tano, dereva asipewe pesa mkononi. Mteja wa Minago anadaiwa, risiti iko ukurasa wa 14, asiongezewe mkopo hadi alipe. Mzani unakwama asubuhi, upigwe kidogo upande wa kushoto, na usipimiwe kitu kabla haujarudi sifuri."

Huo mstari wa mzani ndio wenye thamani kubwa. Mambo ya risiti mtu atayakuta kitabuni. Tabia ya mzani iko kichwani mwa karani peke yake, na bila kuiandika lazima atafutwe.

Halafu taja jina la anayeshika nafasi yako, na patroni awatangazie wafanyakazi wote jina hilo kwa kinywa chake. Mwenzako akiachiwa kazi bila kupewa mamlaka, kila uamuzi utarudi kwako kwa simu. Njia nzuri ya kupima ni huyo mwenzako kuiendesha kazi siku mbili peke yake wakati wewe bado uko jengoni, umekatazwa kumsaidia. Maswali yatakayozuka siku hizo mbili ndiyo yaongezwe kwenye ule ukurasa.

Dharura ni ipi, na isiyo dharura ni ipi?

Michikichi inatupa kipimo kizuri. Mkungu ukishakatwa, matunda huanza kuharibika, asidi inapanda, na mawese yakikamuliwa siku kadhaa baadaye hushuka ubora na bei. Mashine ya kukamulia ikizimika katikati ya msimu, mikungu imerundikana uwanjani, na fundi anayeifahamu yuko konje, kumpigia kumwuliza mkanda wa akiba uko wapi si dhambi. Ni dakika mbili, na hasara inayozuiwa ni ya wengi, pamoja na wakulima wadogo waliopanga foleni na mikungu yao. Muuguzi akiulizwa mgonjwa fulani alipewa dawa gani jana, ajibu pia.

Ripoti ya mwezi, nenosiri la kompyuta, mteja anayetaka "kuongea na yule yule tu", hesabu ambayo bosi ameikumbuka usiku kabla ya mkutano: hizo si dharura. Kitu kinachoweza kusubiri hadi Jumatatu bila kuoza, bila kuungua na bila mtu kuumia, kisubiri.

Wakitaka nirudi kazini kabisa?

Hilo ni zito kuliko simu. Tangu 2021 uhaba wa mafuta ya gari nchini umekuwa ukienda na kurudi, na aliyekwenda Nyanza-Lac hawezi kuahidi kufika Bujumbura kesho asubuhi. Akikubali kurudi, amwombe mwajiri aandike mambo matatu: nauli ni ya nani, siku zilizokatizwa ni ngapi, na zitarudishwa lini. Ujumbe wa WhatsApp wenye tarehe ni bora kuliko ahadi ya mdomoni. Mwajiri akigoma kuzirudisha, anza na mjumbe wa wafanyakazi au wa sendika (chama cha wafanyakazi), kisha nenda kwa mkaguzi wa kazi kabla ya kufikiria mahakama.

Na kundi la WhatsApp la kazini?

Linyamazishe, usijitoe. Kujitoa hutafsiriwa kama ugomvi. Kampuni ya magari ya Daimler, Ujerumani, mwaka 2014 iliwapa wafanyakazi wake nafasi ya kuchagua barua pepe zinazoingia wakiwa likizoni zifutwe zenyewe, huku aliyeandika akijulishwa amtafute nani. WhatsApp haifanyi hivyo, lakini ujumbe mmoja unasaidia: "Shefu, niko konje hadi tarehe 18. Mambo ya stoo yako kwa mwenzangu wa kaunta, nimemwachia daftari. Jambo la hatari nipigie, nitapokea kati ya saa sita na saa saba mchana." Saa moja iliyotajwa humwacha mtu akaogelee akiwa na amani saa zilizobaki.

Mimi mwenyewe napenda kujua yanayoendelea. Kuna ubaya?

Upo, na wa kwanza kuuona anapaswa kuwa patroni. Wasimamizi wa mabenki wa Marekani, FDIC, kwa miaka mingi wamekuwa wakishauri kwamba mfanyakazi wa benki aliye katika nafasi nyeti awe mbali na kazi wiki mbili mfululizo kila mwaka, asiguse kitu. Sababu yake si huruma. Wizi mwingi wa ndani unahitaji mwizi awepo kila siku kuufunika, na mwingine akishika kitabu mambo hujitokeza. Keshia wa koopeki (ushirika wa akiba na mikopo) ambaye hajawahi kwenda likizo, au anayekwenda na bado anataka kila hesabu ipitie kwake, huenda ni mchapakazi wa kupigiwa mfano. Huenda pia ana jambo. Hata akiwa mwaminifu kabisa, siku atakayolazwa kwa malaria ndipo ofisi itakapogundua kwamba hakuna mwingine anayeweza kufungua kasha.

Na wewe unayepiga?

Kabla hujabonyeza jina lake, fungua lile daftari. Kama jibu halimo, liandike swali lenyewe pembeni. Akirudi mtalijaza pamoja, na anayefuata kwenda konje ataondoka na ukurasa uliokamilika zaidi.