Yachumwayo Juani Hayafundishwi Kivulini

Wahenga walinena ya kwamba mchumia juani hulia kivulini. Methali hii twaijua sote, na mara nyingi twaitumia kuwahimiza vijana wavivu. Leo, wasomaji wapenzi, twapenda kuielekeza kwetu sisi wenyewe tuongozao parokia. Katika vitongoji vya Dar es Salaam akina mama huitwa semina mara kwa mara. Huketi ukumbini, hufungua madaftari, husikiliza hotuba juu ya lishe, biashara ndogo na utunzaji wa mazingira, kisha hunywa chai na kurudi makwao. Hotuba hizo ni njema, wala hatuzibezi. Lakini yako maarifa yasiyoingia kwa njia ya sikio. Twawafundisha kivulini mambo yachumwayo juani, kisha twashangaa kwamba hayakuonekana uani kwao.

Somo letu la juma hili ni hili: kila parokia ya pembezoni iwatengee akina mama Jumamosi moja na Dominika yake, wajifunze kwa mikono yao, nje, na kwa pamoja. Tueleze kwanza kwa nini, halafu jinsi gani.

Hali ya vitongoji vyetu

Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Wengi wao wanakaa mahali ambapo zamani si za kale palikuwa mashamba na vichaka: Bunju na Mabwepande katika Kinondoni, Mbagala, Chamazi na Toangoma katika Temeke. Bibi aliyekulia Uluguru au Umakonde alijua majani ya mboga kwa majina yao, alijua kugeuza taka kuwa mbolea, alijua maji ya mvua yapitie wapi yasibomoe ukuta. Mjukuu wake aliyezaliwa mjini aujua mchicha kama kitu kiuzwacho kwa fungu. Hilo si kosa lake, maana hakuna aliyemshika mkono akamwonyesha. Lakini matokeo yake ni mazito: siku mfuko ukiwa mtupu, na sufuria ya mboga huwa tupu vilevile.

Tena iko mvua. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na Serikali ikawahamishia Mabwepande jamaa wengi waliokuwa wakikaa mabondeni. Hata pasipo gharika kubwa, kila masika mvua hula udongo wa miteremko yetu yenye mchanga. Nyumba iliyojengwa kwa akiba ya miaka mingi huweza kujikuta ukingoni mwa korongo. Na je, mvua ikinyesha saa nane mchana, nani yuko nyumbani? Mara nyingi ni mama na watoto wadogo. Basi yeye ndiye apaswaye kuwa na maarifa, wala isitoshe kusema, "Baba akirudi atatazama."

Mafundisho ya waliotutangulia

Neno hili si geni katika nchi yetu. Wamisionari Wabenedikto walipofika Pugu mwaka 1888 walikuja na desturi ya shirika lao ya kuunganisha sala na kazi. Januari mwaka 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misioni yao ilishambuliwa na baadhi yao wakauawa. Lakini desturi ile haikufa. Peramiho, tangu mwaka 1898, na Ndanda, tangu mwaka 1906, watu waliona kanisa na karakana zikisimama ujirani.

Mwaka 1973 Serikali ilianzisha kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vidogo, wakasikiliza mafundisho kwa redio na kuzungumza juu yake. Kisha, na hapa ndipo penye siri, waliondoka penye redio wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kikundi hakikuhesabiwa kuwa kimejifunza mpaka mikono yake ilipochafuka.

Jirani zetu wa Kenya nao wana mfano wao. Wangari Maathai, aliyesomeshwa na masista Wakatoliki kwao, kisha katika chuo cha Wabenedikto huko Atchison, Marekani, alianza mwaka 1977 kuwahimiza wanawake wa vijijini kuotesha miti. Wataalamu wa misitu waliona shaka, wakidhani kazi hiyo yahitaji watu wenye vyeti. Akina mama wakakusanya mbegu za miti ya kwao, wakaziotesha hata katika vyungu vilivyovunjika, na aliyejua akamwonyesha asiyejua. Mwaka 2004 Wangari Maathai alipopewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, miti iliyopandwa ilikuwa imezidi milioni 30.

Mifano hii yatufundisha jambo moja. Mtu mzima hujifunza upesi akitenda, na hutenda kwa ujasiri akiwa na wenzake. Mama aonaye aibu kuuliza mbele ya mtaalamu hataona aibu kumwuliza jirani aliyeinama naye penye tuta moja.

Jumamosi: kazi nne

Akina mama wagawanywe katika vikundi vya watu kumi hivi, kila kikundi kipitie kazi nne kwa zamu. Walimu wasitafutwe mbali. Katika kila Jumuiya Ndogo Ndogo yupo mama mwenye bustani nzuri, na ofisi ya kata ina bwana shamba au bibi shamba. Kila mama aje na gunia kuukuu na kopo moja.

*Kazi ya kwanza ni bustani ya gunia*, ifaayo ua mdogo. Kopo lililotobolewa pande zote mbili husimamishwa katikati ya gunia, likajazwa kokoto. Pembeni hutiwa udongo uliochanganywa na mbolea. Kopo huvutwa juu kidogo, hujazwa tena, na hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Nguzo ile ya kokoto ndiyo itakayoshusha maji mpaka chini. Kisha ubavuni mwa gunia hutobolewa matundu na kupandwa miche ya mchicha au vipande vya matembele. Mchicha huchumwa baada ya majuma matatu au manne. Maji yaliyooshea mchele yafaa kumwagilia, lakini maji ya mto uliochafuliwa na vyoo na viwanda yasiguse mboga kamwe.

*Kazi ya pili ni mboji.* Majani makavu, maganda ya jikoni, majani mabichi na samadi ya kuku au mbuzi hupangwa tabaka juu ya tabaka, hunyunyiziwa maji na kufunikwa. Fimbo huchomekwa katikati. Baada ya siku chache ichomolewe na kushikwa: ikiwa ya moto, lundo lafanya kazi, ikiwa baridi na kavu, laomba maji. Lundo hugeuzwa kila baada ya majuma mawili au matatu, na baada ya miezi miwili au mitatu huwa udongo mweusi usio na harufu mbaya. Taka iliyokuwa ikitupwa mferejini yageuka kuwa chakula.

*Kazi ya tatu ni kupima mteremko.* Miti miwili yenye urefu sawa hufungwa kwa mfano wa herufi A, na mti wa tatu huwekwa katikati kama mkingamo. Kutoka kileleni hutundikwa uzi wenye jiwe. Chombo husimamishwa, alama hutiwa pale uzi unapokatiza mkingamo. Halafu miguu hubadilishana mahali, alama ya pili hutiwa. Nusu kati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Kwa chombo hiki mama ambaye hakusoma hesabu aweza kutembea juu ya mteremko akichomeka vigingi mahali palipo sawa, na katika mstari huo akapanda mchaichai au majani mengine yashikayo udongo. Lakini wafundishwe mambo mawili. La kwanza, maji ya kwako usimwelekezee jirani, maana hiyo ni dhambi dhidi ya upendo hata kama hakuna sheria ya mtaa. La pili, mchaichai hauzuii mto. Akaaye bondeni mwa Msimbazi hana budi kuhama. Wala asidanganywe na mtu kwamba bustani itamwokoa.

*Kazi ya nne ni hatari na uokoaji.* Maji yaendayo kwa kasi, hata yakifika magotini tu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Kwa hiyo asivuke. Mtoto akitumbukia, asirukiwe na asiyejua kuogelea, kwani tutawalilia wawili. Chukua dumu tupu lililofungwa kifuniko imara, lifunge kamba, ulirushe. Dumu huelea, na mtu hulishika. Akina mama wafunge mafundo wenyewe, warushe dumu penye nchi kavu mpaka kila mmoja apate shabaha. Hali kadhalika wafundishwe juu ya nyoka, ambao bado wako katika vichaka vyetu: usichanje jeraha, usilinyonye, usilikaze kwa kamba. Vua pete na bangili, kiungo kisitikisike, mgonjwa awahishwe hospitali.

Dominika: ibada na matembezi

Hapa wengine watauliza, "Padre, je, Dominika si siku ya pumziko?" Ndiyo, na kwa sababu hiyo kazi za jembe zote twaziweka Jumamosi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1247, yatutaka tushiriki Misa na kujiepusha na shughuli zizuiazo ibada, furaha ya siku ya Bwana na pumziko la roho na mwili. Basi asubuhi iwe Misa Takatifu pamoja na jamaa zao. Baadaye waende matembezi, kwa mfano vilima vya Pugu, palipo na kituo cha hija na masalio ya msitu wa asili. Watembee taratibu, wajue miti kwa majina, wasali Rozari njiani. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake *Laudato Si'* ya mwaka 2015, alitukumbusha kwamba dunia ni nyumba yetu sote na kwamba kilio chake na kilio cha maskini havitengani. Maneno hayo huingia moyoni kwa urahisi zaidi chini ya mti kuliko chini ya feni.

Vipingamizi

Wako watakaosema hizi ni kazi za kiume. Na wasome Mithali, sura ya 31. Mwanamke hodari asifiwaye pale hutafuta shamba, hulinunua, hupanda mizabibu, na mikono yake haiogopi kazi. Watoto wake humwita heri, na mumewe naye humsifu.

Wako waume watakaoona shaka: mke wangu yuko wapi siku mbili? Jibu ni uwazi. Paroko atangaze mahali na saa, kila mama arudi kulala nyumbani kwake, na jioni ya Dominika waume waalikwe kutazama yaliyotendwa.

Lakini pingamizi kubwa ni hili, nalo twalisikia kwa uchungu: "Mama tayari amechoka, mbona mwamwongezea mzigo?" Ni kweli. Mama wa Mbagala aamkaye saa kumi alfajiri kuwahi soko hana nguvu za kupoteza. Ikiwa bustani, mboji na mifereji vitakuwa kazi yake peke yake, juu ya zile alizo nazo, basi tumemdhulumu kwa jina la kumsaidia. Kwa hiyo twatamka wazi: siku hizo mbili, baba na vijana wa kiume wapike, wateke maji na kulea watoto. Na baada ya hapo, ajifunzacho mama kitendwe na nyumba nzima. Mama awe mwalimu, asiwe kibarua.

Tena milango isifungwe. Chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1972, kina matawi katika parokia zetu, nacho chaweza kushika uongozi. Lakini mjane asiye na chama aitwe, msichana asiyeolewa aitwe, na jirani Mwislamu aitwe pia. Mvua haiulizi dini kabla ya kubomoa ukuta.

Maswali ya kuzungumza katika Jumuiya

1. Katika mtaa wetu, ni maarifa gani ya bibi zetu yanayokaribia kupotea, na ni nani bado anayo?
2. Maji ya mvua ya uani kwetu huenda wapi? Je, humdhuru nani?
3. Ni kazi zipi za nyumbani ambazo baba na watoto wa kiume wataanza kuzishika, ili mama apate siku mbili hizi?
4. Ni kiwanja gani cha parokia kilicho wazi, kifaacho kutumiwa kabla ya masika?

Jumuiya zisiishie kujibu kwa maneno. Mwezi mmoja baada ya siku hizo mbili akina mama watembeleane, magunia yakaguliwe, na kila mmoja aje na jirani wawili aliowafundisha. Mchicha utakaokuwa umeota ndio utakaokuwa ripoti ya semina, nayo haihitaji kupigwa chapa. Mama yetu Bikira Maria, ambaye mikono yake ilifanya kazi katika nyumba ya Nazareti, awaombee akina mama wote wa vitongoji vyetu, na sisi tulio kivulini atutoe nje.