"Ngoma Ilinoga", Sawa, Lakini Walichezaje?

Nilipokuwa BTP Mpanda niliwapa kidato cha pili kazi ndogo: andika habari ya gazeti kuhusu ngoma uliyowahi kuiona. Madaftari thelathini na ushee, karibu yote sentensi ileile: "Kikundi kilikonga nyoyo za watazamaji." Nilitaka kukasirika, nikakumbuka magazeti yetu nayo huandika hivyohivyo. Mgeni rasmi anapewa aya nne, wachezaji wanaambulia "ngoma ilinoga".

Ilinoga nini? Ngoma ni chombo, ni uchezaji, ni shughuli yenyewe. Mtaani ni hata wimbo mpya wa Bongo Fleva.

Mhakiki wa baleti wa gazeti la London ana istilahi zake: pliye, arabeski. Ni za Kifaransa kwa sababu Ufaransa ndiko hatua hizo zilikopangwa na kupewa majina, hasa baada ya Mfalme Louis wa 14 kuanzisha chuo cha dansi Paris mwaka 1661. Ila tusibabaike. Pliye ni kukunja magoti tu. Arabeski ni kusimama kwa mguu mmoja, wa pili umenyooshwa nyuma. Tena istilahi inakutajia kilichofanyika, haikuambii kama kilifanyika vizuri au ovyo. Mhakiki akiishia kwenye jina, msomaji asiyejua baleti anabaki nje.

Nikamwita kijana mmoja wa Kisukuma (Katavi wapo wengi, walihamia na ng'ombe wao) aliyeandika kuhusu bugobogobo, ngoma ya majembe. "Walifanyaje?" Akachukua fagio la darasa.

"Mwalimu, analizungusha hivi, analirusha, linageuka hewani, analidaka bila kuacha mdundo."

Nikamwambia aandike hayohayo. Akaongeza mwenyewe kwamba mmoja alichelewa kudaka, akacheka kuficha kosa. Huo sasa ni uhakiki, na umesimama kwa vitenzi vya kawaida kabisa: kuzungusha, kurusha, kudaka, kuchelewa.

Lakini jina nalo nililitaka. Kwenye fasihi simulizi tunakariri ngomezi mpaka usiku wa mtihani, majina ya mitindo ya kucheza hatuulizwi. Nikamuuliza kule kurusha jembe wachezaji wenyewe wanakuitaje. Hakujua. Akasema atamuuliza babu yake, kwake ni mbali kidogo, ataenda wikiendi.

BTP yetu iliisha Ijumaa hiyo.